Hifadhi za Tafiti za Vyuo Vikuu vya Ulaya Zilijazwaje?

Wanachuo wenzangu, kila anayeandika asainmenti siku hizi anaujua ule ukurasa. Unatafuta makala kuhusu, tuseme, kufundisha kusoma katika darasa lenye watoto wengi. Unaipata. Unasoma ikisiri na kuona kwamba hii ndiyo yenyewe. Unabofya, na mchapishaji anakuambia ulipe dola 30 au 40. Kwa hela ya boom, hicho ni chakula cha wiki kadhaa. Wengi wetu huishia hapo, tunarudi kwenye desa la mwaka jana.

Kumbe mara nyingi makala hiyohiyo, yenye hoja zilezile na majedwali yaleyale, iko bure kwenye tovuti ya chuo anakofundisha mwandishi: Southampton, Liège, Minho au kwingineko. Aliyeiweka pale ni mwandishi mwenyewe. Hakuiba, na wewe ukiisoma huibi.

Makala hii inaeleza hifadhi hizo ni nini, zilianzaje Ulaya, na kwa nini zilikaa miaka kadhaa karibu tupu kabla hazijajaa. Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jibu lake ni somo zuri kwa yeyote anayesomea ualimu kama mimi, na linatuhusu sote ambao tutaandika utafiti wa mwaka wa mwisho na kuuacha kabatini.

HIFADHI YA CHUO NI NINI?

Maktaba ya kawaida hukusanya kazi za watu wengine na kuzileta ndani. Hifadhi ya tafiti ya chuo, ambayo wengine huiita ripozitori, hufanya kinyume chake: hukusanya kazi za watu wa chuo chenyewe na kuzitoa nje. Ndani yake kuna makala za wahadhiri, tasnifu za uzamili na uzamivu, sura za vitabu, ripoti, karatasi za makongamano, na siku hizi hata data za utafiti. Kila kazi ina ukurasa wake wenye jina la mwandishi, mwaka, ikisiri, maneno ya msingi, na anwani ya kudumu isiyobadilika hata tovuti ikibadilishwa sura.

Hapa kuna jambo moja la kulielewa vizuri, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Makala ya jarida huwa na matoleo matatu. La kwanza ni rasimu aliyoituma mwandishi kabla haijapitiwa na mtu. La pili ni mswada uliokubaliwa: wataalamu wenzake wameshaupitia, yeye amesharekebisha, jarida limesema ndiyo. La tatu ni lile lililopangwa na mchapishaji, lenye nembo ya jarida na namba za kurasa.

Kwa kawaida mchapishaji hulinda sana toleo la tatu. La pili, ambalo kwa maudhui halitofautiani sana na la tatu, wachapishaji wengi huruhusu liwekwe kwenye hifadhi ya chuo, ama papo hapo ama baada ya kipindi cha zuio cha miezi 6, 12 au zaidi. Kwa hiyo ukikutana na makala isiyo na urembo wa jarida, imepigwa chapa tu kama asainmenti yako, usiidharau. Huenda imeshapita kwenye tanuri lilelile.

BEI YA MAJARIDA NA PENDEKEZO LA 1994

Mzizi wa jambo hili ni bei. Tangu miaka ya 1980, bei za majarida ya kitaaluma zilipanda kwa kasi kuliko bajeti za maktaba. Hata vyuo tajiri vya Ulaya na Marekani vikaanza kufuta usajili wa baadhi ya majarida.

Kilichowakera watu zaidi ni mzunguko wenyewe wa pesa. Serikali inamlipa mtafiti mshahara na kugharimia utafiti. Mtafiti anampa mchapishaji makala bure. Wataalamu wenzake wanaipitia bure. Kisha chuo kilekile kinageuka na kuinunua. Ni kama mkulima apeleke mahindi mashineni, asipewe hata senti, halafu auziwe unga wa mahindi yake.

Wanafizikia ndio waliotangulia. Mwaka 1991 Paul Ginsparg, akiwa katika maabara ya Los Alamos huko Marekani, alianzisha arXiv, mahali ambapo wanafizikia waliweka rasimu zao ili wenzao wazisome mara moja. Ila ile ilikuwa hifadhi ya somo, haikuwa ya chuo. Mwaka 1994 Stevan Harnad, mwanasayansi wa utambuzi ambaye jina lake limefungamana na Chuo Kikuu cha Southampton, alisambaza kwa barua pepe pendekezo aliloliita la uasi: kila mtafiti anayeandika bila kutarajia malipo aweke nakala ya kazi yake kwenye intaneti, isomwe na yeyote.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Oktoba 1999 wataalamu walikutana Santa Fe, Marekani, wakaanza kutunga kanuni ya pamoja ili hifadhi zote ziweze kuzungumza lugha moja. Itifaki iliyotokana na kikao hicho ilitolewa mwaka 2001. Inafanya kazi hivi: kila hifadhi inatangaze taarifa za kazi zake kwa muundo mmoja, na mashine iliyo mbali inapita na kuzivuna. Ndiyo maana hata chuo kidogo kisichojulikana kinaweza kuonekana katika utafutaji uleule unaoonyesha vyuo vikubwa.

Mwaka 2000 Southampton walitoa EPrints, programu ya bure ya kuendeshea hifadhi. Mmoja wa waliyoiandika, Rob Tansley, baadaye alishiriki kutengeneza DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT kwa kushirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard. Februari mwaka huohuo likatoka Azimio la Budapest lililotaka tafiti ziwe na ufikiaji huria, na Oktoba 2003 likafuata la Berlin. Programu ipo, tena bure. Kanuni ipo. Azimio lipo. Kilichobaki ni watu kuleta kazi zao tu.

MAGHALA YASIYO NA NAFAKA

Hawakuleta. Hapa ndipo penye somo.

Wakutubi wengi wa Ulaya walifungua hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakiamini kwamba wahadhiri watazichangamkia. Wakachapisha vipeperushi, wakaendesha semina, wakatuma barua pepe. Mhadhiri alisikiliza, akakubali kwa kichwa kwamba ni jambo jema, akarudi ofisini kwake asiweke kitu. Harnad na wenzake walikuwa wakikadiria kwamba pasipo sharti lolote, ni kama asilimia 15 tu ya makala ndizo zinazowekwa na waandishi wake kwa hiari.

Tusiwalaumu haraka. Mhadhiri ana vipindi, mitihani ya kusahihisha, na wanafunzi wanaosubiri mlangoni. Kuweka makala kulimtaka atafute lile toleo la pili, ambalo labda lilishapotea kwenye kompyuta ya zamani, ajaze fomu, kisha ajue kama mkataba wake na mchapishaji unamruhusu. Wengi waliogopa kushtakiwa. Ili kupunguza hofu hiyo, watu wa Chuo Kikuu cha Nottingham na wenzao katika mradi wa SHERPA, ulioanza 2002, walijenga orodha inayoonyesha kila mchapishaji anaruhusu nini. Orodha hiyo ilisaidia sana na inatumika hadi leo. Lakini kujua kwamba unaruhusiwa kufanya jambo hakukufanyi ulifanye.

Uholanzi walijaribu njia nyingine. Mwaka 2003 vyuo vikuu vyao vilianza mpango wa pamoja wa kujenga hifadhi, na mwaka 2005 wakatoa mkusanyo wa kazi za wanazuoni wao mashuhuri zaidi ya 200, kila mmoja na orodha yake. Ilikuwa habari kubwa. Ila sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na maktaba: kutafuta makala za zamani, kuskani, kuuliza ruhusa. Unaweza kuwafanyia hivyo maprofesa 200. Huwezi kumfanyia hivyo kila mhadhiri wa kila idara kila mwaka.

MINHO: KWANZA MOTISHA

Chuo Kikuu cha Minho kiko kaskazini mwa Ureno, katika miji ya Braga na Guimarães. Si chuo kikongwe. Kilianzishwa miaka ya 1970. Novemba 2003 kilifungua hifadhi yake, RepositóriUM, kwa kutumia DSpace. Mwaka wa kwanza wakaona yaleyale ya wengine: watu wachache, kazi chache.

Kuanzia Januari 2005 chuo kilitangaza kwamba kila mwalimu na mtafiti aweke machapisho yake humo. Hakikuishia kwenye tangazo. Mwaka huo kilitenga fedha na kuzigawa kwa idara na vituo vya utafiti kulingana na jinsi vilivyotekeleza agizo. Mkuu wa idara aliyekuwa hajali, sasa akawa anauliza kwenye kikao: jamani, nani bado? Idadi ya kazi ikapanda kwa kasi. Baadaye, mwaka 2008, Ureno ikafungua lango moja la taifa linalovuna hifadhi za vyuo vyake, na watu wa Minho ndio waliokuwa mafundi wakuu wa kazi hiyo.

Fedha za motisha huisha, kila mtu anajua. Lakini zilitosha kuwafanya watu waanze, na waliokwisha kuanza wakaona faida: makala zao zinapakuliwa, zinasomwa Brazil, na baadhi ya wasomaji wanawaandikia.

LIÈGE: WEKA, AU HAIHESABIKI

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji. Mkuu wa chuo wakati huo, Bernard Rentier, alikuwa mwanabiolojia wa virusi. Mwaka 2007 chuo kiliamua kwamba machapisho yote ya watu wake tangu 2002 yawekwe kwenye hifadhi, na Novemba 2008 hifadhi hiyo, ORBi, ikafunguliwa rasmi.

Rentier hakuweka faini, wala hakutoa barua za onyo. Alitumia kanuni moja: mtu akiomba kupandishwa cheo, au akiomba fedha za utafiti ndani ya chuo, kamati itatazama orodha ya machapisho inayotoka ORBi tu. Isiyokuwemo humo haihesabiki. Unaweza kuwa na makala 50 nyumbani. Kama hazimo ORBi, mbele ya kamati huna kitu.

Matokeo yake ni kwamba hifadhi ilijaa na ikaendelea kujaa, hadi ikawa mfano unaotembelewa na vyuo vingine. Chuo Kikuu cha Luxembourg kilichukua mfumo huo na kuuita ORBilu.

Sisi wa ualimu tunafundishwa jambo hili tangu mwaka wa kwanza: mwanafunzi husoma kile kinachopimwa. Mwambie darasani kwamba mazoezi ya kusikiliza ni muhimu sana; kama mtihani hauna sehemu ya kusikiliza, atakuitikia kwa heshima na kuendelea kukariri sarufi. Wahadhiri wa Ulaya ni binadamu wenzetu. Waliambiwa miaka kadhaa kwamba kuweka kazi wazi ni muhimu, nao waliitikia. Walipoona kupo kwenye mtihani wao, yaani kwenye kupanda cheo, wakaweka.

Lakini tuwe waangalifu tusichukue nusu ya somo. Kupima peke yake huzaa chuki na ujanja. Liège walifanya mambo mengine matatu pamoja na sharti lao. Kwanza, walirahisisha kazi: unaweka mara moja, na orodha ya machapisho ya wasifu wako inajitengeneza yenyewe. Pili, waliwapa watu takwimu za kusomwa kwao, na hakuna mwandishi asiyependa kujua kwamba anasomwa. Tatu, walitenganisha kuweka na kufungua. Kama mchapishaji ameweka zuio, unaweka faili lako leo, linabaki limefungwa hadi muda uishe, na anayelitaka anabofya kitufe cha kumwomba mwandishi nakala. Kwa hiyo hofu ya hakimiliki haikuwa tena sababu ya kutoweka. Sharti, msaada na motisha vilikwenda pamoja. Mwalimu yeyote mzuri anaujua mchanganyiko huo.

UINGEREZA 2016 NA SHERIA ZA NCHI

Kilichofanywa na chuo kimoja Ubelgiji, Uingereza ikakifanya kwa nchi nzima. Vyuo vikuu vya huko hupimwa ubora wa utafiti kila baada ya miaka kadhaa, na matokeo ya kipimo hicho huamua mgao wa fedha za serikali. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba makala za majarida zitakazokubaliwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 hazitaingia kwenye kipimo kijacho kama mswada uliokubaliwa haukuwekwa kwenye hifadhi. Muda ulikuwa miezi mitatu tangu kukubaliwa, ingawa mwanzoni walilegezewa kidogo ukahesabiwa tangu kuchapishwa.

Ona walichokilenga: siku ya kukubaliwa. Siku hiyo mwandishi ana furaha, barua pepe ya jarida iko mbele yake, na toleo la pili liko mkononi. Ukimwachia mwaka mmoja, faili halionekani tena. Vyuo vingi vikaajiri watu wa kushughulikia jambo hilo tu, na barua pepe za wakutubi zikawa fupi: imekubaliwa? Tutumie.

Nchi nyingine zilipita kwenye sheria. Tangu 2014 Ujerumani inampa mwandishi haki ya kuweka wazi mswada wake miezi 12 baada ya kuchapishwa, kama utafiti uligharimiwa angalau nusu na fedha za umma, hata kama mkataba wa mchapishaji unakataza. Uholanzi ilifuata 2015. Ufaransa, ambako tangu 2001 kulikuwa na HAL, hifadhi moja kubwa ya nchi nzima, ilipitisha sheria yake Oktoba 2016: miezi 6 kwa sayansi na 12 kwa sayansi za jamii na fani za insha. Umoja wa Ulaya nao uliweka sharti la ufikiaji huria kwa miradi yote ya utafiti iliyogharimiwa na mpango wake wa Horizon 2020. Na tangu Januari 2022 Chuo Kikuu cha Edinburgh kina sera ambayo chini yake mtafiti anabaki na haki ya kuweka wazi mswada wake siku ileile makala inapochapishwa, bila kusubiri zuio.

HIFADHI MOJA NI KIJITO

Hifadhi moja peke yake haina nguvu sana. Nani ataamka asubuhi aseme leo natembelea tovuti ya Minho? Faida huja zinapounganishwa. Orodha ya OpenDOAR, iliyoanzishwa kwa ushirikiano wa Nottingham na Lund, inataja hifadhi zaidi ya 5,000 duniani, na Ulaya ina sehemu kubwa. BASE, mashine ya utafutaji ya Chuo Kikuu cha Bielefeld nchini Ujerumani, na CORE ya Open University nchini Uingereza, hupita kwenye hifadhi hizo na kuvuna. OpenAIRE, mradi wa Umoja wa Ulaya ulioanza 2009, unaunganisha machapisho na miradi iliyoyagharimia.

Kiu ya wasomaji ilionekana Oktoba 2017. Chuo Kikuu cha Cambridge kiliweka wazi kwenye hifadhi yake, Apollo, tasnifu ya uzamivu ya Stephen Hawking ya mwaka 1966. Watu walivamia kwa wingi hadi tovuti ikaelemewa na kuanguka. Kazi ya hesabu ngumu, ya zaidi ya miaka 50, iliyokuwa kabatini, ilitafutwa kama tiketi ya fainali.

Na umuhimu wa kuwa na nakala katika vyuo vingi ulionekana Oktoba 2023, wahalifu wa mtandaoni walipoishambulia British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza. Huduma yake ya tasnifu, EThOS, iliyokuwa lango la tasnifu za uzamivu za nchi nzima, ikazimika kwa muda mrefu. Lakini tasnifu nyingi hazikupotea kwa msomaji, kwa sababu zilikuwa kwenye hifadhi za vyuo zilikoandikwa. Waliojua njia hiyo waliendelea kusoma.

SI KILA KITU NI SAWA

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Kuna kurasa nyingi kwenye hifadhi hizo ambazo zina jina na ikisiri tu, faili halipo. Kuna mazuio ya miezi 24 ambayo kwa mwanafunzi wa muhula mmoja ni sawa na kamwe. Na kuna njia nyingine ya ufikiaji huria inayoshindana na hifadhi: mwandishi au chuo chake kinamlipa mchapishaji ili makala iwe wazi kwenye jarida lenyewe. Vyuo na nchi nyingi za Ulaya zimesaini mikataba mikubwa ya aina hiyo.

Njia hiyo ni nzuri kwa msomaji. Lakini ada yake kwa makala moja mara nyingi hupita dola 1,000 au 2,000. Mtafiti wa Leiden analipiwa. Mtafiti wa Morogoro au Bukavu je? Zamani alishindwa kusoma. Kwa njia hii atashindwa kuandika. Hifadhi ya chuo haimtozi msomaji wala mwandishi. Mzigo wake ni seva, mtaalamu wa kompyuta na mkutubi. Kwa sababu hiyo mimi naona kwamba hata pale Ulaya wenyewe watakapoichoka, sisi hatupaswi kuiacha.

NAMNA YA KUZITUMIA LEO

Ukikutana na ukurasa wa kulipia, fanya hivi kabla hujakata tamaa.

1. Nakili kichwa kizima cha makala, kiweke kwenye alama za kunukuu, kitafute kwenye Google Scholar. Chini ya tokeo bofya palipoandikwa matoleo yote. Tafuta kiungo chenye jina la chuo.

2. Kisipopatikana, nenda BASE au CORE, tafuta kichwa hichohicho.

3. Kama unatumia kompyuta, weka kwenye kivinjari chako programu ndogo ya Unpaywall. Ukifungua ukurasa wa makala yenye nakala halali ya bure, itakuonyesha alama ya kufuli lililofunguliwa.

4. Ukikuta ukurasa wa hifadhi wenye faili lililofungwa, bofya kitufe cha kuomba nakala, au mwandikie mwandishi. Jitambulishe kwa sentensi mbili, taja makala, shukuru. Wengi hufurahi.

5. Unapotaja chanzo, taja makala ya jarida na ongeza anwani ya hifadhi. Ukinukuu namba ya ukurasa, eleza kwamba umesoma mswada uliokubaliwa, maana kurasa zake hazilingani na za jarida.

Wanaosoma Kiswahili wasipitwe. SOAS, London, wameweka kwenye hifadhi yao tasnifu nyingi za zamani, zikiwemo za lugha na fasihi yetu. Makala za jarida la Swahili Forum zimehifadhiwa Qucosa, hifadhi ya jimbo la Saxony nchini Ujerumani. Ni bando lako tu.

NA SISI JE?

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Ulaya. Siyo. DSpace ileile inayotumika Minho ndiyo inayoendesha hifadhi za Sokoine, Muhimbili na Nairobi. Kwa hiyo milango tunayo. Tunachokosa mara nyingi ni kile walichokosa wao mwaka 2003: utaratibu unaofanya kazi zifike mlangoni.

Chukua utafiti wetu wa shahada ya kwanza. Mwenzako amekaa wiki sita katika shule ya msingi, amehesabu watoto wangapi wanajua kusoma aya moja, amehoji walimu. Amechapa nakala tatu, amezibaindi kwa kava gumu. Moja kwa supavaiza, moja idarani, moja kwa mama nyumbani. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anakwenda shule ya jirani kuuliza maswali yaleyale, hajui kama mwenzake alishapita.

Ninapendekeza serikali yetu ya wanafunzi ipeleke hoja kwenye seneti ya chuo, yenye mambo matatu kwa mfano wa Liège. La kwanza, kuweka kazi kwenye hifadhi kuwe mstari mmoja kwenye ile fomu ya kumaliza chuo unayozunguka nayo ofisi kwa ofisi kutafuta mihuri. La pili, maktaba itenge kompyuta na mtu wa kusaidia katika wiki za mwisho wa muhula, maana sharti bila msaada ni adhabu. La tatu, kazi zilizopewa alama za juu na kupitishwa na supavaiza ndizo zifunguliwe kwa wote; nyingine zibaki zimefungwa, anayetaka aombe.

Najua hofu mbili zitakazokuja. Ya kwanza, watu wataiba kazi. Wizi unafanyika sasa hivi gizani, kwa fotokopi, na hakuna wa kushtuka. Kazi iliyo wazi, yenye jina na tarehe, ni rahisi kumkamata aliyeidesa. Ya pili ni ya haki zaidi, hasa kwetu wa ualimu: siri za watoto na walimu tuliowahoji. Hiyo inataka kazi ya kweli. Majina ya wanafunzi, na pale inapobidi jina la shule, yaondolewe kabla faili halijawekwa, na supavaiza athibitishe hivyo kwa saini.

Kizuri chajiuza, wahenga walisema, lakini kilicho ndani ya kabati lililofungwa hakijiuzi. Kikao kijacho cha bunge la wanafunzi kinapokea hoja kutoka kwa mwanachuo yeyote. Mimi nitaileta hii. Naomba watu wa kuiunga mkono.